Injinia na Gesi ya Samaki wa Mama Mkwe

Vinyozi wako wengi, lakini Injinia ndiye pekee aliyejua kunyoa watu na kuwapa samaki pumzi. Alisema mwenyewe, kwa hiyo mimi, ninayenyoa kwenye kiti cha pili, sikuwa na sababu ya kumwamini.

Mama mkwe wake alipokwenda kumuuguza dada yake, alituletea saluni tangi lake la kioo: samaki saba na majani ya majini.

"Walishe kidogo, baba," alimwambia. "Ufundi usifanye."

Injinia akasikia neno moja tu: ufundi!

Wiki ya pili, majani yakapauka. Injinia akaenda dukani, akarudi na mtungi wa kaboni dioksidi, gesi inayolisha majani, na kichupa cha kubandika ndani ya tangi, chenye maji yanayobadilika rangi. Muuzaji alikuwa amemweleza: kichupa kikiwa buluu, gesi haitoshi; kikiwa kijani, sawa; kikiwa njano, imezidi. Na aanze na kiputo kimoja kwa sekunde.

"Kiputo kimoja!" Injinia akacheka. "Haya ni majani au wagonjwa?"

Akafungua koki mpaka viputo vikafuatana kama shanga. Kufika adhuhuri, kichupa kikawa njano, njano ya kung'aa!

"Si uliambiwa njano ni hatari?" nikamuuliza.

"Hatari kwa wasiojua."

Kwenye kiti chake alikuwa mwalimu mmoja, kichwa kimenyolewa upande mmoja tu. Akanyoosha kidole. "Fundi, mbona samaki wote wamepanda juu, midomo wazi?"

"Wanaimba."

"Yule amelala ubavu!"

"Huyo ndiye besi."

Mlango ukafunguka. Mama mkwe, begi mkononi!

"Shikamoo, Mama! Karibu, kaa..."

"Funga hiyo gesi!"

Injinia akaruka, akazungusha koki kwa nguvu zake zote, kuelekea upande wa kufungulia. Tangi likachemka kama soda iliyotikiswa! Mama akamsukuma kwa kiwiko, akaifunga mwenyewe.

"Wewe," akaniambia, "toa theluthi ya maji, lete mengine ya kwenye pipa lile pale mlangoni. Mwalimu, washa pampu ya hewa ya tangi. Na wewe, baba, chota kwa kikombe, mwaga kutoka juu. Maji yapate hewa!"

Injinia akachota. Akamwaga. Akachota. Shati likalowa mpaka kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akafuata maelekezo ya mtu. Yule samaki aliyelala ubavu alikuwa akitikisa pezi moja tu, taratibu.

"Mama," akanong'ona, "atakufa?"

"Chota."

Robo saa nzima! Kisha samaki akayumba, akajiweka sawa, akazama polepole kuungana na wenzake. Mwalimu akapiga makofi. Injinia akafuta macho kwa taulo la mteja, akavuta pumzi, na majigambo yakamrudia.

"Mmeona? Kumbe ukimwaga kwa kipimo changu..."

Mama mkwe akamtazama. Injinia akainama, akaanza kufuta maji sakafuni.

"Kuanzia kesho, mke wako atakaa hapa kuangalia kichupa. Viputo atahesabu yeye, na taa ya tangi ikizimwa usiku, gesi ataifunga yeye."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe nyoa, baba. Watu ukiwakosea watapiga kelele."