Nimeshikwa Nikimpiga Mama Mkwe

Nimeaibika leo, watu wangu, mpaka ng'ombe ananiangalia vibaya. Na msinitumie pole. Pole nimekula za kutosha mwezi huu.

Mama mkwe, huyu watoto wanamwita Shosho, aliteleza kwa zizi akavunjika mguu. Si mnajua matope ya Molo. Akafungwa plasta, akalala, na kwa kulala sana na hii baridi, kifua kikajaa makohozi. Akipumua unasikia sufuria ya uji ikichemka. Daktari wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akasema mguu utapona, lakini kifua kisiposafishwa atarudishwa wodi, awekwe oksijeni. Akasema familia yote ije ifundishwe.

Familia yote ikaja. (Yaani mimi.) Baba Kibe, bwanangu, alikuwa kazi ya mjengo kule Lanet: "Nikirudi utanionyesha." Dada zake walituma vile vikatuni vya mikono ya maombi kwa grupu ya familia.

Nikafundishwa. Mgonjwa analalia ubavu, wewe unakunja kiganja kama unachota maji, unampigapiga mgongoni juu ya mbavu ili makohozi yaachilie, kisha anakohoa na kutema. Asubuhi na jioni, kabla hajakula. Haiumi hata kidogo. Daktari alinionjesha mimi kwanza, nikataka kusinzia. Lakini mlio wa kile kiganja! Po! Po! Po! Ungedhani mtu anachapwa na sapatu.

Shida ni kwamba Shosho hatemi. Ati kutema makohozi mbele ya bibi ya kijana wake ni aibu! Anayameza. Wiki mbili tunapigana hiyo vita.

Sasa leo asubuhi. Nimetoka kukamua, nimevaa suruali ya mjengo ya Baba Kibe, imefungwa kiunoni na kamba ya nailoni. (Ni nani alikuwa ananiangalia?) Kitanda kimeegemea ukuta, kwa hivyo lazima nipande, nipige magoti juu yake. Nikaanza. Po! Po!

"Tema, Shosho!"

Akatikisa kichwa.

"Leo hutoki hapa bila kutema!" Po! Po! Po!

Nikasikia wimbo kwa mbali. Kina mama wa kanisa. Hawa wakienda kuona mgonjwa wanaanza kuimba kwa geti, na wakifika mlangoni wanaingia tu, hodi imeshaimbwa. Nikadhani wanaenda kwa jirani, maana kwetu hawajawahi kufika tangu mguu uvunjike.

Mlango ukafunguka. Kina mama tisa, thamosi mbili, unga wa ugali. Wimbo ukakatika katikati. Mimi niko juu ya kitanda, mkono uko hewani. Shosho machozi yanamtiririka kwa kukohoa, hawezi kusema hata neno moja.

"Yesu wangu!" Huyo ni Mama Naomi, mwenyekiti. "Unaua mama ya watu!"

"Ni kifua! Daktari ndiye alini—"

"Daktari gani anafundisha mtu kuchapa mgonjwa?"

Akanishika suruali akanivuta chini. Kamba ya nailoni ikakatika. Wueh! (Ndiyo, ya ndani ilikuwa na tundu. Nilikuwa nimepanga kununua zingine.) Wakanizunguka pale sakafuni, suruali iko magotini, mikono mitano kichwani, wanakemea roho ya hasira initoke. Mmoja alikuwa ameshapiga picha na kuituma, na kabla ya amina Baba Kibe akapiga simu.

"Unampiga mama yangu?"

Aki, hakuuliza kama mama yake anapumua. Mwezi mzima namgeuza, namwosha, na hilo ndilo swali nililopata.

Mama Naomi akainama kumfariji mgonjwa. Hapo ndipo Shosho akakohoa kweli. Likatoka kohozi lote, la wiki mbili, likatua kwa kitambaa cheupe cha mwenyekiti. (Nilifurahi. Mungu anisamehe baadaye.) Shosho akavuta pumzi ndefu. Nikatega sikio nisikie ule uji. Haukuwepo. Nikalia kama mtoto, na suruali bado iko chini.

"Mwacheni huyo," Shosho akasema. "Ndiye ananipatia pumzi. Lakini mkono wake umechoka. Jioni nani anakuja kunipiga?"

Mmoja akakumbuka kuku. Mwingine aliacha mahindi kwa posho mill. Mama Naomi, akijipangusa, akasema wataendelea kuniombea. Thamosi wakaenda nazo.

Haya, chekeni. Lakini saa kumi na mbili jioni Shosho analalia ubavu tena, na mwenye kucheka aje na kiganja chake.