Vidomo Vitatu vya Bunduki ya Kijiji

Wananchi wote wa Kijiji cha Ujamaa cha Mkwajuni Mpya, upande wa Gwata, wanaarifiwa kwa furaha kubwa kwamba njaa imekwisha, kwa sababu bunduki imefika.

Ndivyo alivyotangaza Ndugu Cornel, katibu wa kijiji, asubuhi ile, na hakusema uongo. Bunduki ilikuwa imefika kweli. Ilikuwa ya marisau, zile risasi ndogondogo zinazotoka nyingi kwa mpigo, ya mtutu mmoja, imeviringishwa kwenye gunia, imeletwa na bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, kwa Land Rover.

Bi Sikudhani aliposikia aliweka ungo chini akamshukuru Mungu. Mahindi yake nyuma ya nyumba yalikuwa yanatoa mbelewele, na kila kukicha alikuta mistari mingine imelala kama imepitiwa na gari. Alikuwa na wajukuu ndani, watoto wa marehemu binti yake, na mwaka uliopita walikula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, mpaka mdogo wao akawa akiona sufuria analia. Alikwisha apa: mwaka huu watoto watakula cha kwao.

Sasa, pamoja na bunduki kulikuja vipande vitatu vya chuma, vya duara, urefu wa kidole, vya kufungwa kwa kuzungushwa kwenye ncha ya mtutu. Watu wakaviita vidomo. Bwana nyama alivieleza huku injini inaunguruma.

"Hiki chembamba, marisau yanakwenda mbali yakiwa pamoja. Hiki kipana, yanatawanyika hapa karibu. Cha kati ni cha kati. Tazameni mnyama yuko umbali gani, mfunge kimoja, mpige. Haya, kwaherini."

Mtu asiye na elimu ya uongozi angefunga kimoja akaenda shambani. Lakini Ndugu Cornel alikuwa amekwenda semina. Siku hiyohiyo akaunda Kamati Ndogo ya Uteuzi wa Vidomo, yeye akiwa katibu wake, na kikao cha kwanza kikafanyika penye ofisi ya kijiji, wananchi wote wakialikwa kusikiliza.

Kabla ya yote, Mzee Salumu, mwenyekiti wa kijiji, alitoa mwongozo. Alikuwa ameshatia udhu wa adhuhuri na hakutaka jina la mnyama yule anayekula mashamba litajwe mbele yake.

"Msinitajie hapa. Semeni wahusika. Tutaelewana."

Basi ikawa hivyo. Wahusika walikula mahindi ya fulani, wahusika walifukua mihogo ya fulani. Mwenyekiti akaridhika, akasinzia.

"Ndugu wananchi," alianza Ndugu Cornel, ameinua kidomo chembamba juu kama mwalimu wa sayansi. "Hapa tusikurupuke. Kitu hiki kinafanya nini? Kinachukua marisau yote na kuyalimbikiza mahali pamoja. Tabia ya kulimbikiza tunaiitaje?"

"Ubepari!"

"Na hiki kipana?"

"Kinagawa!"

"Kinagawaje?"

"Kwa usawa!"

Twalibu, mgambo aliyekabidhiwa bunduki, akanyoosha mkono. Alikuwa kijana wa maneno mengi, na tangu bunduki ifike alikuwa anatembea kwa kuchechemea kidogo, kama askari aliyetoka vitani.

"Ndugu Katibu, mie nauliza tu. Mhusika akiwa mbali je?"

"Ndugu Twalibu, umbali ni jambo la kiufundi. Hapa tunazungumzia msimamo."

Mzee Salumu akazinduka. "Na hicho cha kati?"

"Hicho, Mzee, hakifungamani na upande wowote."

Watu wakapiga makofi. Kidomo cha kati kikafungwa kwenye kitambaa safi, kikawekwa kabatini kusubiri siku kijiji kitakapotembelewa na wageni wa nchi za nje.

Bi Sikudhani alingoja makofi yaishe, akasimama.

"Ndugu Katibu."

"Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba, mwanangu. Wahusika wamelala kwangu tena jana. Naomba Twalibu aje na bunduki, na kidomo chochote mtakachompa. Mie sichagui."

"Shamba lenyewe ni la nani?"

"Langu, mwanangu. Hapo nyuma ya nyumba."

"Yaani la binafsi." Ndugu Cornel alisikitika kwa dhati kabisa. "Mama, kidomo kipana ni cha mashamba ya kijiji. Hatuwezi kugawa marisau kwa usawa kwenye shamba la mtu mmoja, tutakuwa tumepotosha. Shamba la binafsi kidomo chake ni chembamba."

"Basi nipeni hicho chembamba."

"Hicho nimekifungia mezani. Tumeiandikia wilaya itupe maoni, kama ubepari unaruhusiwa kutumika dhidi ya wanyama."

"Kwa hiyo mie napata kipi?"

"Unapata nafasi ya kusubiri."

Hoja ikapitishwa bila kupingwa.

Bi Sikudhani akasubiri. Lakini jua lilipokwisha kutua alichukua debe lake la zamani, akaingia shambani, akaligonga kwa kijiti, *ba, ba, ba,* kama walivyofanya mama yake na bibi yake. Wahusika hawakuja. Kulipokucha akaitwa ofisini.

"Mama, hilo debe," alisema Ndugu Cornel kwa upole. "Mtu anayegonga debe wakati bunduki ya serikali ipo anasema nini? Anasema hana imani."

"Nasema tokeni kwenye mahindi yangu."

"Wewe unasema hivyo. Watu wanasikia vingine."

Madebe yote ya kijiji yakakusanywa. La Bi Sikudhani, kwa kuwa halikuwa na tundu, likapangiwa kazi ya kuchemshia maji ya chai ya Kamati Ndogo.

"Shoga, wenzio wale wanakula mahindi," Mwanamkuu, jirani yake, alimwambia Bi Sikudhani, wamekaa kwenye jamvi, "wewe unakula maazimio. Utanenepa lini?"

"Nitangoja."

"Ngoja tu. Kwanza umeshaona kule bondeni? Mahindi marefu kama minazi, na debe halijagongwa."

"Punguza sauti, Mwanamkuu."

Maana kule bondeni, nyuma ya ghala, kulikuwa na shamba ambalo kwenye daftari halikuwepo. Wanakijiji walilifyeka wenyewe siku za kazi za kujitolea, wakaambiwa ni maandalizi ya mradi. Mbolea ya kijiji ikaenda huko kimyakimya. Mkewe Ndugu Cornel, Genoveva, alikuwa hakosi kule jioni, anatembea, ikihesabika kuwa anatafuta kuni. Shamba la Ndugu Cornel halikuweza kuwa, kwa sababu kiongozi ana masharti yake ya kutojilimbikizia mali, na Ndugu Cornel ndiye aliyekuwa akiwasomea watu masharti hayo kila mkutano, kwa sauti nzuri sana.

Kamati Ndogo ilikutana tena, na tena. Ilizungumzia mafuta ya kupaka vidomo. Ilizungumzia nani ashike ufunguo wa kabati. Bi Sikudhani hakukosa kikao. Mahindi yake yakafika nusu, yakapita nusu, na jioni moja mjukuu wake mkubwa akamuuliza kama yanga ingali inapatikana.

Kesho yake kikao kilikuwa kinajadili kama risasi nayo ina msimamo. Jua la saa nne. Mara Genoveva huyo, anakuja mbio, kanga mkononi.

"Baba Alfonce! Baba Alfonce! Wameingia! Nguruwe wameingia!"

"Wahusika," alisema Mzee Salumu, macho yamefumba.

"Wahusika wameingia bondeni, mchana kweupe, na watoto wao!"

Ndugu Cornel akaruka benchi. "Twalibu! Bunduki! Kimbia!"

Twalibu akaidaka bunduki, akapiga hatua, halafu akasimama wima. Wiki zote hizo alikuwa amefundishwa nidhamu.

"Kidomo kipi, Ndugu Katibu?"

"Chochote!"

"Chochote hakimo kwenye azimio."

Bondeni mabua yalisikika yakivunjika, *kwa, kwa.* Bi Sikudhani akainuka taratibu, akajifunga kanga vizuri.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza. Lile shamba ni la nani? Maana kama ni la Ndugu Katibu, kidomo chake ni chembamba, na chembamba kinangoja wilaya. Mie nakingoja, na yeye atakingoja, benchi lipo, tutakaa sote. Kama ni la kijiji, kidomo ni kipana, na Twalibu aende sasa hivi."

Mzee Salumu akafungua macho yote mawili. Watu hawakuwa wameyaona yote pamoja tangu wahamie pale.

"Ndugu Katibu, umeulizwa. La nani?"

Ndugu Cornel aliangalia bonde. Aliangalia wananchi, ambao aliwasomea masharti ya uongozi juzi tu. *Kwa, kwa, kwa.*

"Sema basi, baba!" alilia Genoveva. "Yanaisha!"

"La kijiji," alisema Ndugu Cornel.

"Huku nyuma hatukusikia!" Mwanamkuu huyo.

"La kijiji! Kipana! Nenda!"

"Iandikwe," alisema Mzee Salumu.

Twalibu akafunga kidomo, akashuka bondeni, akapiga. Hakumpata hata mmoja. Marisau yaligawanyika kwa usawa kwenye majani ya mahindi, sawasawa na msimamo. Lakini mlio wenyewe ulitosha. Wahusika walitimka na watoto wao kuelekea mto Ruvu.

Alasiri kijiji kizima kikaingia bondeni na vikapu kuvuna shamba la kijiji. Mwenyekiti aliamua waanze wale walioliwa mashamba yao, kwa hiyo Bi Sikudhani alikuwa wa mbele. Ndugu Cornel alisimama ukingoni akiongoza nyimbo za kazi, kwani haikuwahi kutokea shamba la ujamaa likazaa vile, na wilaya ilipaswa kujulishwa.

Kikapu chake kilipojaa, Bi Sikudhani alikikokota mpaka pale aliposimama katibu.

"Mahindi mazuri haya, mwanangu. Nani kayalima?"

Ndugu Cornel akakatiza wimbo. "Tumelima sote, Mama."

"Ndiyo. Tumelima sote." Akainama, akakunja ngata yake ya kanga, akaiweka kichwani. "Haya, hebu nitwike."

Ndugu Cornel akatazama huku na huku. Kisha akainama, akakiinua kikapu kwa mikono miwili, akamtwika.