Siku Niliyokalia Ndoo Mbele ya Watu wa Galbet

Leo nimejianika mchana kweupe, na hakuna aliyenisukuma.

Mnajua nimerudi Garissa. (Mlioambiwa nimefia Moyale, fukueni kaburi.) Nimezunguka miaka mingi, mara utingo wa lori la mbuzi, mara mkalimani wa wageni, mara sijui nini. Sasa nina kazi. Tuseme nusu kazi. Inaitwa uanagenzi: unafanya kazi na unaambiwa kwamba unajifunza. Ni shirika dogo linalotafiti nyumba za bei nafuu ili liwashauri wanaotunga sera.

Wanagenzi wenzangu wana digrii. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na mvi. Walinichukua kwa sababu najua kila njia kutoka hapa hadi Lafey. Vijana wananiita Abti, mjomba. Mtu akishaitwa mjomba, huanza kuamini kwamba anajua kila kitu.

Na niwaambie ukweli, kazi yao naidharau. Wanaandika kurasa tele kuhusu mkaazi bila kumuuliza mkaazi analaza wapi mbuzi wake. Wanajadili upana wa dirisha wakiwa wamekaa kwenye chumba kisicho na dirisha. Mimi nakunywa chai, nawatazama, natabasamu kama mtu aliyeona mengi.

Lakini leo nilitaka kitu kutoka kwao. Bi Nekesa, mkurugenzi wetu wa Nairobi, alikuwa anakuja kuchagua mwanagenzi mmoja wa kwenda na timu ya utafiti hadi Bute, kisha Lafey. Safari ndefu. Ofisi inaniua, jamani. Usingizi wangu mtamu wote nimeulala juu ya lori. Begi nilikuwa nimeshalifunga tangu juzi.

Sasa, kuna utaratibu wetu mmoja ambao hata mimi siudharau. Tunachora ramani ya nyumba chini kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi, halafu wakaazi wanatembea ndani yake na kusema kinachowaudhi. Leo tulichora kwenye uwanja wa Galbet, jirani na ofisi. Mchoraji alikuwa Mutua, msanifu majengo kijana kutoka Kitui, mwanagenzi kama mimi. Sebule hapa, jiko pale. Kwenye choo aliweka ndoo iliyopinduliwa, na mbele yake mshale wa chokaa kuonyesha mtu akikaa ataelekea wapi.

Nikatazama mshale. Nikatazama tangi la maji lililosimama juu ya nguzo zake, upande ule ule wa mshale. Mwili ukanisisimka. Kwa furaha.

Kwa sababu Mwislamu haelekei kibla akiwa chooni, wala hakipi kisogo. Mutua ni mwimba kwaya, angejulia wapi? Na kibla cha Galbet ndicho hasa nilichokulia. Marehemu mama alikuwa akitandika mkeka, nasi tunaelekea tangi la maji. Ni kwenye tangi hilo ndiko nilikowaelekeza wenzangu tangu nilipofika. Adhuhuri tunasali kwenye stoo ya ofisi, nami nasimama mbele kwa sababu ya mvi. Hodan, mwanagenzi mwenzetu aliyekulia ng'ambo ya pili ya mji, aliwahi kuniuliza kama nina hakika. Nilimwambia nilikuwa nasali kuelekea tangi lile kabla mama yake hajaolewa. Akanyamaza. Vijana ukiwajibu kwa sauti nzito hunyamaza.

Ningeweza kumvuta Mutua pembeni. Muungwana angefanya hivyo. Mimi nilingoja. Nikangoja akina mama wakae, wazee wafike, Bi Nekesa ashuke garini na kufungua daftari lake. Ndipo nikaomba kusema.

"Madam, katika nyumba hii hakuna Mwislamu atakayeingia."

Vichwa vyote vikanigeukia. Wallahi, raha ya macho yale! Nikaeleza habari ya kibla. Nikaeleza ubaya wa sera zinazopikwa Nairobi na kupakuliwa huku zikiwa baridi. Nikasema kuna watu wanachora vyoo vya watu wasiowajua. Mutua akafungua mdomo kusema jambo. Nikamwonyesha kiganja.

"Kijana, ngoja wakubwa wamalize."

Bi Nekesa, ambaye alikuwa akiandika kwa kasi, akasema hajaelewa vizuri huyo mtu atakuwa ameelekea vipi. Hapo mtu mwenye akili angenyoosha mkono, basi. Mimi nikaingia. Nikapita mlango wa chokaa (niliinama kidogo, kana kwamba kuna dari), nikafika chooni, nikaketi juu ya ndoo. Magoti juu, mikono magotini.

"Mnaona? Akikaa hivi, anatazamana na Makka uso kwa uso."

Nikanyoosha kidole kwenye tangi. Jua la asubuhi lilikuwa limekaa sawasawa juu ya tangi hilo, ikabidi nifumbe jicho moja. (Mtu mzima. Mtoto wa mfugaji. Jua linanichoma mboni za macho. Na akili haikubisha hodi.)

Mbele kabisa alikaa Ayeeyo Halima, bibi aliyekuwa jirani ya mama yangu. Muda wote alikuwa ananitazama kama anayejaribu kukumbuka huyu ni mtoto wa nani.

"Warya, wewe kijana," akasema, "jua inakuchoma macho?"

"Inachoma, Ayeeyo."

"Na sasa ni asubuhi?"

"Ni asubuhi."

"Tangu lini jua inatoka Makka?"

Sikuelewa mara moja. Wengine walielewa. Mama mmoja akaficha uso kwenye shela yake, mabega yakaanza kumtikisika. Kisha wa pili. Kisha safu nzima, kama upepo uliopita kwenye nyasi.

"Hiyo tangi ni mpya," akaendelea Ayeeyo, bila haraka. "Tangi ya mama yako walibomoa zamani. Ilikuwa kule." Akanyoosha mkono kaskazini, kwenye ubavu wangu wa kushoto. "Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa wapi! Nilikuwa Isiolo, nilikuwa Mandera, nilikuwa kila mahali nikiwasimulia watu jinsi Galbet ninavyoijua hata nikifumba macho. Na kweli, nilikuwa nimeyafumba. Kumbe mtaa umehamisha tangi na hakuna aliyenipigia simu.

Mutua sasa akapata nafasi yake. Akasema, kwa adabu, kwamba kabla ya kuchora alikwenda msikitini akamuuliza imamu, naye akamwonyesha kaskazini. Ndiyo sababu mshale ameuelekeza mashariki, ili kibla kibaki ubavuni mwa anayekaa. Alisema hayo akitazama viatu vyake. Afadhali angenicheka.

Nikadhani aibu imekwisha. Bado niko juu ya ndoo, natafuta njia ya kuinuka kwa heshima, ndipo nikaisikia sauti ya Hodan.

"Abti," akasema polepole. "Na stoo je?"

Nikaona wenzangu wa ofisini wakigeuka mmoja baada ya mwingine. Wanatazama tangi. Wananitazama mimi. Mmoja akauliza kama ina maana kwamba muda wote huu tumekuwa tukisujudia njia ya Dadaab. Mwingine akamsimulia Bi Nekesa jinsi Hodan alivyowahi kuniuliza kama nina hakika, nami nikamnyamazisha. Ayeeyo Halima akasema Mungu hutazama nia, tusiwe na wasiwasi. Lakini alisema akijifuta machozi, na si machozi ya huzuni.

Nikainuka. Ndoo ilikuwa imejaa chokaa kitakoni, na suruali yangu ni nyeusi. Kwa hiyo nilitoka katika ile nyumba ya bei nafuu nikiwa na duara jeupe nyuma, zuri, kama limechorwa na msanifu.

Bi Nekesa alikuja kunipa mkono. Akasema nimewasaidia sana, kwa kuwa katika maswali yao yote hawajawahi kuwauliza watu choo kielekee wapi. Akasema swali hilo litaulizwa Bute, litaulizwa Lafey. Moyo ukaanza kunipanda. Nikauliza tunaondoka lini.

"Atakayeliuliza ni Hodan," akasema. "Yeye aliuliza hata alipoambiwa asiulize."

Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye ninayejua njia. Njia ndiyo cheti changu.

"Abti, huko kwenyewe hakuna vibao," akasema, na hata hakucheka. "Naogopa utatufikisha Ethiopia."

Adhuhuri, Mutua, mwimba kwaya wa Kitui, aliingia kwenye stoo na simu yake yenye dira, akatuchorea mshale wa kibla ukutani. Umenyooka vizuri, siwezi kukataa. Nilisali safu ya nyuma, karibu na mlango, na hakuna aliyenikaribisha mbele.

Basi asicheke mtu. Na wewe uliyewahi kusali nyuma yangu, kule Elwak tulipokwama na lori au popote pengine, tafadhali tusiulizane maswali.