Mtoto wa Mutualite Mbili

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane

Tangazo limebandikwa ukutani kwa ofisi ya teritware, yaani wilaya yetu! Kijana mmoja wa kusini atakwenda Kindu, kwenye meza ya mazungumzo ya vijana wa jimbo zima. Kiti kimoja tu. Ni changu! Nina lisansi, digrii ya chuo kikuu, ya siasa tangu miaka miwili, na mpaka leo kazi yangu ni kutwanga sombe, majani ya muhogo. Nikauliza masharti. Sharti ni moja: barua ya mutualite, kile chama cha kabila ambamo watu husaidiana na kuzikana. Barua iseme huyu ni mtoto wetu. Basi! Diploma hawaulizi. Nikalia kidogo. Kisha nikafikiri. Baba ni Muzimba. Mama ni Mubangubangu wa Kabambare. Wenzangu wana mutualite moja. Mimi nina mbili!

Jumanne, tarehe 5

Asubuhi kwa Mzee Célestin, mkuu wa mutualite ya Wazimba. Rozari juu ya nguo, ionekane vizuri. Akauliza kama mama yangu si mtu wa Kabambare. Nikajibu kwamba mama alinibeba tu. (Mungu anisamehe. Mama pia.) Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema damu ni ya baba, barua itaandikwa.

Mchana kwa Mama Rehema, kiongozi wa mutualite ya Wabangubangu. Rozari mfukoni, kitambaa kichwani, maana kwake ni kwa Waislamu. Akaniambia, "Salimia kwa luga ya kwenu, mwanangu." Kibangubangu changu chote ni yale maneno ambayo mama hufukuzia mbuzi. Nikayasema kwa heshima kubwa, nimepiga magoti. Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Mama Rehema akapangusa machozi, akasema hakuna shaka, sauti hiyo ni ya Kabambare kabisa. Na baba yangu? Nikasema baba ni mgeni ambaye tumemzoea. Barua ya pili hiyo!

Alhamisi, tarehe 7

Habari kubwa! Kamati inayosimamia uchaguzi wa mjumbe inaogopa ugomvi. Kila mutualite italeta jina moja ndani ya bahasha iliyofungwa. Bahasha zitaokotwa kwa bahati. Ya kwanza itatoa mjumbe. Ya pili itatoa msaidizi wake, wa kushika kiti mjumbe akiugua. Na zote mbili zitaandika jina langu, yaani nimekwisha kushinda! Itangulie hii, itangulie ile, nimo. Jirani yangu Yvette, ambaye naye anakitaka kiti hicho, akauliza itakuwaje nikiwamo ndani ya zote mbili. Wivu. Nikamweleza kwa upole kwamba yeye hakusoma siasa. Akasema, "Sawa, dada lisansi." Nimeandika hotuba. Inaanza: "Mimi ni daraja." Kurasa sita.

Jumamosi, tarehe 9

Ukumbi umejaa. Wazimba kushoto, Wabangubangu kulia, na katikati njia tupu ambayo lori lingepita. Mwenyekiti wa kamati akafungua bahasha ya kwanza. Mjumbe: Léocadie! Kushoto wakaruka. "Mutoto wetu!" Nikasimama, nikapunga mkono. Bahasha ya pili. Msaidizi: Léocadie! Kulia wakaruka. "Iko wetu huyu! Wetu!" Vigelegele pande zote mbili. Ukumbi mzima ulinishangilia kwa sekunde kumi. Nilizihesabu. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kufika Kindu.

Kisha wakaanza kutazamana.

Mwenyekiti akauliza, je, nikiugua kule Kindu, nitajipigia simu nije kujisaidia? Mzee Célestin akasema aliambiwa mama alinibeba tu. Mama Rehema akasema yeye aliambiwa baba ni mgeni. Baba na mama, waliokaa pamoja nyuma, wakatazamana. Kisha wakanitazama mimi.

Nikakamata mikrofoni. Ikakoroma na kuzima. Nikapaza sauti. Sikumaliza neno la tatu. Mzee Célestin akavuka ile njia tupu, akampa Mama Rehema mkono. Jamani! Watu hawa hawajawahi kupatana hata juu ya saa ya kuanza mkutano. Leo wamepatana kwa dakika moja: asiende huyu. Wakamchagua Placide, fundi aliyepanda jukwaani kutengeneza mikrofoni. Hakuna aliyejua kabila lake, na kila mtu aliogopa kuuliza. Msaidizi wake ni Yvette. Alikuwa amemshikia waya.

Jumapili, tarehe 10

Nyumbani hakuna anayenisemesha. Ni vizuri, nimepata nafasi ya kutafakari. Nimetafakari sana. Mpango wangu haukuwa na kosa hata moja. Kosa ni kusoma bahasha zote mbili siku moja, ndani ya ukumbi mmoja, kwa sauti.

Baada ya misa nimesikia jambo! Kwaya mbili za parokia, ile ya walimu na ile ya wachuuzi wa sokoni, ambazo hazisalimiani tangu Pasaka, Jumatano zinachagua kiongozi mmoja wa kuziunganisha. Nimekwisha kujiandikisha kwa zote mbili.

Safari hii nimetumia majina tofauti!