Mwavuli Wangu Si Nyumba

Meinong, Kaohsiung

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Taifa cha Kuinua Bidhaa za Nyumbani na Mauzo ya Nje,
Taipei.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na jopo lako la washauri. Sisi huku hatujambo, isipokuwa miavuli yetu, ambayo imekwama bandarini tangu chama chako kilipoanza kutusaidia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilipoacha chaki nilirudi kwenye karakana ya marehemu baba, tunakotengeneza miavuli ya mianzi na karatasi iliyopakwa mafuta. Kazi yenyewe imo mikononi mwa mkwe wangu, Mei-hsiang. Bi. Kuwabara, mwenye nyumba za wageni huko Gifu, Japani, alituona kwenye maonyesho yenu akaagiza mzigo kwa ajili ya sherehe ya kufungua bustani yake. Mzigo ukichelewa, yeye hautaki tena. Asipouchukua, tutafunga karakana, na Mei-hsiang ataenda kuajiriwa kwenye kiwanda cha vipuri vya kompyuta huko Tainan. Nayasema haya mapema ili usiyakute mwishoni ukiwa umechoka.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Kwenye maonyesho, afisa wenu Bwana Tsai alisoma kibao chetu akasikitika. Alinieleza kwamba neno mwavuli, kwa Kimandarini, linasikika kama neno kuachana, na mnunuzi anayekaribishwa kwa kuachana hawezi kutia sahihi. Nilimshukuru. Kisha, kwa kuwa ualimu hautoki kwenye damu, nikamweleza kwamba sisi Wahakka, watu wa Meinong, humpa bibi harusi mwavuli wa karatasi, maana kwa lugha yetu karatasi inasikika kama watoto; na herufi yenyewe ya Kichina inayoandika mwavuli ni mchoro wa watu wanne waliojibanza chini ya mtu wa tano. Akanijibu, "Mzee wangu, hao watano ni wa Meinong. Wanunuzi wanatoka duniani." Sikujua kwamba Meinong iko nje ya dunia. Nashukuru kwa elimu hiyo pia.

2. Jopo likakaa, likala bata, likakaa tena, likatuletea jina jipya: Paa Dogo la Mkononi. Kibao kikabadilishwa siku hiyohiyo. Mei-hsiang alipokisoma alininong'oneza, "Baba, na madirisha tuuze?" Nilimkanya. Wasomi hawachekwi wakiwa karibu.

3. Kwa uangalifu mkubwa, jina hilo mliliandika pia kwenye cheti cha uasili wa bidhaa, na bila cheti hicho mzigo wetu hautoki nchini. Watu wa forodha hawana kosa: waliletewa paa, wakauliza maswali ya paa. Linahimili tufani? Linahimili tetemeko? Limepimwa kwa moto? Karatasi yenye mafuta, Mheshimiwa, ikikutana na moto haibishani nao.

4. Nilimpigia simu Bwana Tsai kuomba neno mwavuli lirudishwe. Alinijibu kwa upole kwamba chama hakiwezi kuandika kuachana kwenye hati inayounganisha mataifa. Badala yake akaniongezea msaada: mhandisi wa majengo. Alikuja mtu mwenye adabu, akasimama chini ya mwavuli mmoja, akatafuta nguzo, akaiona moja, tena inahamishika. Ameandika kwamba jengo halina msingi na lisikaliwe na watu.

5. Kwa kuwa sasa mimi ni mjenzi, mmenihamisha kutoka kundi la kazi za mikono kwenda kundi la vifaa vya ujenzi. Mkutanoni nilikaa kati ya mtu wa saruji na mtu wa nondo. Walinipokea vizuri. Ila jirani yangu Lai, mkulima wa figili, kila akipita huniuliza, "Mwalimu, leo umeezeka wangapi?"

Mheshimiwa, kazi ya mfanyabiashara ni kuachana na bidhaa zake. Mmeliondoa neno kuachana, na kweli hatujaachana nazo. Naomba herufi moja tu irudishwe kwenye cheti. Watu wake watano hawatakula posho.

Nisalimie jopo zima, Bwana Tsai, mhandisi, na wenzangu wa saruji na nondo.

Ni mimi, mwanachama wenu ninayezidi kusaidiwa,

Wen Chin-lung
Mwalimu mstaafu, na mjenzi kwa mujibu wa chama.

Nyongeza: Bi. Kuwabara amepiga simu sasa hivi. Nilimweleza mkasa wote, nikamwahidi kwamba neno mwavuli litarudi. Akasema Gifu imejaa miavuli, tena mizuri, tangu enzi za mababu zao. Yeye aliagiza paa dogo la mkononi kwa sababu hajawahi kuliona. Kama ni mwavuli, hauhitaji. Kwa ajili ya paa yuko tayari kuahirisha sherehe, na ameagiza mengine. Kwa hiyo naomba jina lisiguswe na mtu yeyote. Kuhusu moto, Mei-hsiang, ambaye ameshaanza kupasua mianzi, anashauri mwandike kwamba paa hili hutumika wakati wa mvua tu. Aidha, shemeji yangu anatengeneza saa za ukutani, na kwa Kimandarini kumpa mtu saa kunasikika kama kumsindikiza kaburini. Anauliza kama jopo lina nafasi Alhamisi.