Nukta Nyekundu na Kilima cha Mzee Orrin

Jumanne, 8 Aprili

Mambo yameiva. Baba mkwe, Mzee Orrin, magoti yamemgomea. Msimu huu hatapanda kilimani kuwinda batamzinga. Katangaza mezani: Jumamosi ya kabla ya Pasaka tutapiga shabaha, risasi moja kila mtu, yadi arobaini, kichwa cha batamzinga cha karatasi. Mshindi atakaa chini ya mwaloni wake siku ya kufungua msimu. Hapo ndipo anapopita Askofu, dume la batamzinga lenye ndevu za kifuani ndefu kuliko za mchungaji wetu. Tangu nioe ukoo huu sijaruhusiwa hata kukanyaga kivuli cha mwaloni ule. Mpinzani ni mmoja tu: Verlin, kaka wa mke wangu.

Siri yangu: nimenunua kifaa cha kulengea chenye nukta nyekundu. Unatazama kwenye kioo, unaiweka nukta kwenye shingo ya ndege, unafyatua. Dukani walikuwa wanatoa viwili kwa bei ya kimoja! Kimoja nimekifunga juu ya bunduki yangu ya marisau, ile inayomwaga vipande vidogo vya risasi. Nadine, mke wangu, kauliza kama skrubu nimezikaza. Nimemjibu nimezikaza vya kutosha.

Alhamisi, 10 Aprili

Malishoni, mimi na ubao wa shabaha. Kwa karibu, safi kabisa. Yadi arobaini, marisau yote kushoto. Ajabu. Nikaisogeza nukta kidogo, yakaenda kulia. Nikairudisha, yakapanda juu. Nikakaa kwenye ndoo nikafikiri. Upepo? Hakuna. Pua yangu? Imepinda, lakini imepinda siku zote. Risasi? Natumia zile nyepesi za njiwa, maana za batamzinga zinapiga bega teke la punda, na sioni kosa hapo. Kisha nikakumbuka: asubuhi nilikula mikate na mchuzi wa soseji. Tumbo likijaa, mwili huegemea. Hili linataka uchunguzi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeshinda na njaa. Marisau kulia! Basi imethibitika: mchuzi wa soseji huvuta kushoto. Nashangaa watu wamewinda miaka yote hii bila kulijua. Nadine alipita na chakula cha kuku, akakigusa kifaa kwa kidole, akasema kinacheza kama jino bovu. Nikamwambia ndivyo vilivyo vya kisasa.

Jumapili, 13 Aprili

Baada ya ibada nimemchunguza Verlin. Anatumia bunduki ya marehemu babu yao, yenye kijishanga cha shaba tu cha kulengea mwisho wa mtutu. Hapotezi risasi hata moja. Nikapata wazo zuri mno. Nikampa kile kifaa cha pili, zawadi ya Pasaka. Akianza kuifukuza nukta leo, hataikamata kabla ya Jumamosi. Naijua nukta hii.

Akakigeuzageuza, akasema, shemeji, macho yangu bado mazima, hii taa ya friji kampe mwenye shida. Lakini akakitia mfukoni. Nimemweza!

Jumatano, 16 Aprili

Milio ya bunduki nyuma ya ghala. Nikachungulia. Nadine! Bunduki ndogo aliyorithi kwa bibi yake ameilaza juu ya gunia la mahindi, na juu yake kimefungwa kile kifaa cha Verlin. Nikaelewa mara moja. Verlin mvivu kamtuma dada yake amrekebishie kifaa. Mtu anakula zawadi na bado anatafuniwa.

Anapiga, anakwenda kuitazama karatasi, anarekebisha, anapiga tena. Na anatumia risasi nzito za batamzinga! Nikamwambia anaziharibu. Akasema utakachowindia ndicho cha kujaribia, halafu akaninyoshea bisibisi. Nilikuwa nawahi chakula.

Jumamosi, 19 Aprili

Sitaki kuandika. Naandika.

Verlin alianza. Shingo ya karatasi ilitoboka vizuri, akarudi akitafuna kijiti. Zamu yangu. Nilikuwa nimekula nusu mkate tu, ili nisivutwe upande wowote. Nukta imetulia shingoni, nzuri mno. Nikafyatua risasi nzito, ya kwanza tangu nifunge kifaa.

Kifaa kilinigonga paji la uso, kikaruka, kikatua kwenye saladi ya viazi ya mama mkwe. Kilikuwa bado kinawaka. Karatasi haikuguswa. Ndoo ya maji kando ya uzio ikawa inavuja pande zote. Verlin akasema, shemeji, pole, lakini saladi sasa inalenga vizuri kuliko wewe.

Hapo Nadine akafuta mikono kwenye aproni, akauliza kama baba alisema watoto wa kiume tu. Mzee Orrin akatazama viatu vyake. Verlin akasema, mwacheni apige, na mimi nikaanza kuelewa ile taa ya friji ilikopelekwa. Nadine akapiga. Kichwa cha karatasi hakikubaki. Mzee aliisogelea karatasi, akapitisha kidole kwenye tundu, kisha akasema kilima ni chako, mwanangu.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo msimu umefunguliwa. Nadine kanichukua kilimani nibebe mikeka na ninyamaze. Askofu alikuja jua likichomoza, kifua mbele. Mlio mmoja, akaanguka. Nadine akakaa kando yake, mkono juu ya manyoya, machozi yanamtoka. Akaniambia alipokuwa na miaka tisa alimwomba baba yake amlete hapa, akaambiwa abaki kumenya viazi. Nilikuwa sijui. Miaka yote hii, na mimi nilidhani ni mimi tu ninayeutamani mwaloni ule. Nikambeba Askofu hadi chini, na sikumbuki lini nimejivunia mtu kiasi hicho.

Mzee Orrin alitusubiri getini, kofia mkononi. Akamfungulia Nadine geti.

Sasa jambo muhimu. Sheria inamruhusu Nadine ndege mmoja tu wiki hii, kwa hiyo kesho mwaloni ni wangu, Nadine mwenyewe kasema. Na ng'ambo ya bonde kuna dume kijana anaita! Tangu mchana sijala kitu. Kifaa nimekisafisha viazi na kukirudisha mahali pake. Risasi nzito zimekaa tayari. Nadine amepita, ameweka bisibisi mezani, ameuliza kama skrubu nimezikaza.

Nimemjibu nimezikaza vya kutosha.