Jinsi Nilivyomwombea Bwana Shekuwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Prinsipali ametangaza. Kongamano la fasihi ni Jumamosi ya wiki ijayo, hapa hapa shuleni Mbooni, katika ukumbi wa kulia chakula. Munyao atachambua maudhui ya riwaya. Mimi wahusika. Mkuu wa idara ya Kiswahili anastaafu, na Prinsipali alipokuwa akitangaza alitutazama kwa zamu, Munyao, mimi, Munyao. Nimeelewa. Atakayeng'ara ndiye atakayekikalia kiti.

Munyao ameisoma riwaya mara tatu, na penseli mkononi. Mimi nimesoma jalada la nyuma. Kitabu ni kinene kama tofali, na miwani yangu mke wangu Nthenya aliikalia.

Lakini nimefikiri. Ni nani duniani anayechambua tabia za watu kuliko waumini wa maombi ya Jumatano? Na hawalipishwi.

Jumatano, 11 Juni

Mpango umefaulu kupita kiasi. Wakati wa kutaja mahitaji ya maombi nilisimama nikasema kuna ndugu mmoja, jina nitalihifadhi, ana mke mwema, ila ana mwingine pembeni, na ameuza cherehani ya mke wa kwanza amtunze huyo wa pili. Ndiyo habari ya Bwana Shekuwe, mhusika mkuu, kwa mujibu wa jalada. Ili waelewe haraka, mji wa pwani niliugeuza Salama, mji wa hapa karibu, na cherehani nikaifanya ng'ombe.

Wakafunguka! Mama Mbula, mkubwa wa akina mama, alisema mwanamume anayeuza ng'ombe kimya kimya hana shida ya pesa, ana shida ya kuogopa kuulizwa. Nikaandika juu ya bahasha ya sadaka: sifa ya kwanza, mwoga. Mzee mmoja akataka kujua mke wa kwanza alikuwa akimwuliza nini kila jioni. Hicho ni kina, nikaandika pia.

Pasta Nzuki alifunga kwa maombi marefu, mkono wake begani mwangu. Nilidhani ni upendo.

Alhamisi, 12 Juni

Nthenya hakuwa kwenye maombi jana. Anafundisha Hesabu shule ya msingi na alikuwa anasahihisha. Leo amerudi ametulia kama maji ya mtungi. Akauliza, Baba Ndinda, ng'ombe tuliyemuuza Desemba alinunua mabati mangapi. Kisha akatoka uani, akatazama paa, midomo ikicheza. Anahesabu.

Ng'ombe yule nilikuwa nimemsahau kabisa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemweleza Nthenya ukweli wote. Ni riwaya. Shekuwe hayupo. Akasema nimwonyeshe. Nikakileta kitabu. Alipokifungua, mgongo wa kitabu ulilia kama mlango wa ghala. Akauliza kama ndicho ninachokifundisha tangu Januari.

Muthokoi wa leo, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, haukuwa na chumvi wala mafuta. Nimesema mtamu.

Jumapili, 15 Juni

Mahubiri: mume mwenye malango mawili. Nilijificha nyuma ya nguzo. Pasta akahama upande.

Baada ya ibada Mama Mbula alimshika Nthenya mkono akamwambia, mwanangu, hata mbuzi aliyefungwa hutafuta majani ya jirani, wewe kula ulale. Kisha akaniambia mimi kwamba ananiombea. Nikamwambia hata mimi naliombea lile lile. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumanne, 17 Juni

Wazee wawili wa kanisa wameenda Salama kumtafuta huyo mwanamke. Nauli yao wenyewe. Wameuliza wauza nyanya barabarani na mwenye gereji. Hawakumpata. Wamekubaliana kwamba hilo linaonyesha nimemficha vizuri.

Munyao leo amenipa pole ofisini, huku akichonga penseli.

Alhamisi, 19 Juni

Nthenya amekisoma kitabu hadi mwisho. Jana jikoni alicheka peke yake, kisha akafuta macho kwa kanga. Chakula kimepata chumvi. Nikauliza kinaishaje. Akasema, mwalimu, soma. Nikamwambia kongamano ni keshokutwa. Akasema basi una siku nzima.

Siku hiyo nzima nitaitumia kunakili bahasha ya sadaka kwa hati nzuri.

Jumamosi, 21 Juni

Nilianza kama simba. Mwoga, msiri, mtu anayeikimbia sauti ya mkewe. Wanafunzi walipiga makofi. Prinsipali alitikisa kichwa kwa ridhaa. Nikapashwa joto na makofi, nikasema Shekuwe hakujali hata maziwa ya watoto.

Msichana wa Kidato cha Nne akauliza maziwa gani. Nikasema ya yule ng'ombe. Akasema, ng'ombe gani, mwalimu?

Munyao akainuka, mpole kama shemasi, akaomba ukurasa anapotokea mke wa pili, maana yeye ametafuta mara tatu. Nikajibu kwamba huyo ni mhusika anayeonekana kwa kutoonekana. Ukumbi mzima ulicheka, pamoja na mpishi.

Munyao ndiye mkuu wa idara. Alitangazwa kabla chai haijapoa.

Jumapili, 22 Juni

Nthenya alisimama kanisani na kitabu, akasema ndugu yule wa maombi ni Shekuwe wa riwaya, akasoma kwa sauti. Shekuwe hana mke wa pili. Hajawahi kuwa naye. Ni majirani waliovumisha, na cherehani aliiuza kumtibu mama mkwe. Pasta Nzuki aliniomba radhi mbele ya watu. Wazee walisamehe nauli. Mama Mbula peke yake hakuridhika. Alisema hakuna mtu anayeweza kuandika kitabu kirefu hivyo kuhusu jambo ambalo halikufanyika.

Jioni Nthenya aliniuliza kama sasa nimeona kitabu kinasema nini. Akasema mtu mzima anahukumiwa na kijiji kizima kwa maneno ya nusu, na hakuna aliyemwuliza mwenyewe. Nilifikiri kwa makini. Nikamwambia udhaifu wa kitabu ni kukosa uhalisia. Watu hawawezi kudanganyika wote kwa pamoja namna hiyo, siyo katika maisha ya kawaida. Akaenda kulala.

Munyao, kama mkuu wa idara, amenipa tamthilia ya muhula ujao. Jalada linasema jambazi mmoja, mahari, mashamba mawili. Sijaifungua. Ila rafiki yangu Abdow ana hoteli yake Kitui mjini, na wateja wake huketi asubuhi yote wakichambua dunia. Hakuna hata mmoja anayelijua kanisa letu.

Wala sitarudia kosa la kusema kuna ndugu mmoja. Nitasema ni shemeji yangu.